Kigango si Pambo la Sebule

Nyumba ni vazi la pili la mwanadamu. Nguo humsitiri mwili. Nyumba humsitiri yeye, jamaa zake na siri zake. Na kama vile mtu asivyoridhika kuvaa gunia maadam linamfunika, ndivyo asivyoridhika kukaa kati ya kuta tupu maadam hazivuji. Hutaka uzuri. Hutundika, hutandika, hupaka na hupanga, mpaka chumba kiseme neno juu ya mwenyewe. Haja hii si ya tajiri peke yake. Msusi aliyetia ukili mwekundu kati ya ukili mweupe, na mama aliyekivika kibuyu chake shanga, wote wawili waliitii. Basi simlaumu mtu kwa kupenda mapambo. Asiyependa uzuri nyumbani mwake aghalabu hauoni hata barabarani.

Lakini katika siku zetu umeingia mtindo ambao haufai kupita bila kuulizwa maswali. Ni mtindo wa kuipamba nyumba kwa vitu vya kale vya mataifa mbalimbali. Ingia katika baadhi ya nyumba za fahari za Nairobi, au katika hoteli za pwani, au katika majumba ya matajiri wa Ulaya na Marekani, utayaona. Mlango wa Lamu umelazwa chini, umewekewa kioo juu, umekuwa meza. Kando yake pana kigoda cha Kiturukana, sanduku la Kihindi lenye misumari ya shaba, zulia la Kiajemi, na ukutani kinyago kutoka Kongo. Mgeni aliyeketi hapo huzuru nchi tano na karne tatu bila ya kuinuka kitini. Husifu. Husema mwenye nyumba ni mtu wa safari, mwenye jicho kali na moyo mkunjufu unaoyapenda mataifa yote.

Mimi nasema sifa hizo hutolewa mapema mno. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kabla ya kumsifu mwenye nyumba kwa alivyovikusanya, tumwulize alivipataje. Kitu cha kale kilichotoka kwa mwenyewe kwa ridhaa yake ni pambo la haki. Kilichotoka bila ya ridhaa si pambo. Ni ushahidi wa dhuluma, hata kikipigwa msasa kikang'aa, hata kikimulikwa kwa taa ya thamani.

Ili tusibishane hewani, natwaa mfano mmoja wa nchini mwetu. Wamijikenda wa pwani ya Kenya, na hasa Wagiriama, wana chama cha wazee kiitwacho Gohu. Mzee wa chama hicho akifariki, huweza kuchongewa kigango. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, aghalabu wenye urefu wa kimo cha mtu au kupita, uliochongwa kichwa na kiwiliwili na kunakshiwa pembetatu na maua. Hakichongwi kwa kupitisha wakati. Mara nyingi marehemu huwa amemtokea mtu wa nyumba yake ndotoni, au maradhi yameingia mjini mwake, na mganga akatambua kwamba mzee anadai makao. Kigango kikishasimamishwa, hufungwa vitambaa, humwagiwa kinywaji, huambiwa habari za watoto na za mashamba. Kwa jamaa wale, huyo si sanamu ya mzee. Hapo ndipo mzee alipo. Na kikishasimamishwa, hakiondolewi.

Sasa tazama kilichotendeka. Kuanzia miaka ya 1970 wafanyabiashara wa vitu vya sanaa waligundua kwamba ubao ule mrefu, mwembamba, uliopaushwa na jua, unapendeza mno ukisimamishwa mbele ya ukuta mweupe. Vigango vikaanza kung'olewa usiku. Vilipita madukani katika miji ya pwani, vikapanda meli na ndege, vikaenda kusimama katika sebule za wageni. Baadhi ya wenye sebule hizo, walipovichoka au walipotaka sifa, wakavitoa zawadi kwa majumba ya makumbusho. Hivyo ndivyo mamia ya vigango yalivyofika Marekani.

Mwaka 1985 mwanazuoni wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Aliporudi kumpelekea picha, mzee alimpa habari nzito: vigango vyote viwili vimeibiwa. Akamwomba amsaidie kuvitafuta. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, Udvardy alionyeshwa picha za vitu vilivyomo katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois, na mle akakitambua kimoja. Cha pili kilionekana katika makumbusho ya chuo kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Baada ya barua nyingi na maombi mengi, mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi nyumbani. Mzee aliyeviomba alikuwa amekwisha kufa. Ndugu waliokuwa wamepewa makao wapate kutulia walisafirishwa kuvuka bahari kama shehena, na aliyewalilia hakuwahi kuwaona tena.

Wala hivyo si viwili tu. Makumbusho ya Denver yalikuwa na vigango 30, vilivyotolewa zawadi mwaka 1990 na watu wawili wa filamu wa Hollywood. Wakuu wa makumbusho hayo walipotafakari, walikiri kwamba hawana haki navyo. Mwaka 2014 wakatangaza kuvirudisha, na mwaka 2019 vikafika Kenya. Nawasifu kwa hilo. Lakini kurudi Kenya si kurudi kaburini. Kigango kilichouzwa mara nne bila jina wala kijiji hakijui pa kwenda. Nani atakitambua? Kila kigango kilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na wajukuu wanaojulikana. Aliyekiita pambo alilifuta jina hilo. Huo ndio wizi wa pili, nao ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa kuwa mbao huweza kurudishwa kwa ndege, lakini jina likishapotea haliletwi na ndege yoyote.

Najua majibu ya wakusanyaji. Nimeyasikia hata vinywani mwa walimu wanafunzi katika chuo cha ualimu ninakofundisha, nao ni vijana wa nchi hii. Yastahili kupimwa moja moja.

Jibu la kwanza husema: "Kama kisingechukuliwa, kingeliwa na mchwa." Msemaji hudhani kwamba Mgiriama hamjui mchwa. Mgiriama anamjua mchwa tangu utotoni. Ndiyo sababu huchagua mti mgumu. Lakini hakukusudia kigango kiishi milele. Zamani jamaa walipohama, walikiacha pale pale. Mvua ilikipiga, jua likakipausha, kikainama, kikaanguka, kikawa udongo. Kuoza kwake ndiko kumaliza kazi yake, kama vile mazishi yanavyoumaliza mwendo wa mtu. Anayekizuia kisioze hakukiokoa. Je, huyo msemaji, akiona mvua inazila herufi za jiwe la kaburi la babu yake, ataling'oa jiwe akaliweke kando ya redio yake?

Jibu la pili husema: "Mimi sikuiba. Nilinunua kwa fedha yangu, na hati ninayo." Tuifuate basi safari ya fedha hiyo. Mnunuzi alimlipa mwenye duka. Mwenye duka alimlipa mchuuzi. Mchuuzi alimpa kijana aliyechimba usiku shilingi chache. Kila mmoja alilipwa na aliyemfuata, isipokuwa mmoja: mwenye kigango. Mnyororo wa hati ndefu ulioanzia gizani haugeuki kuwa halali kwa sababu umemalizikia kwenye mwanga. Fedha haiusafishi wizi, huuhamisha tu. Tena bila mnunuzi wa mchana hapana mwizi wa usiku.

Jibu la tatu ni zito zaidi, nami nalipenda kwa kuwa limesimama juu ya kweli. Husema: "Mbona Waswahili wenyewe walizipamba nyumba zao kwa vitu vya mataifa mengine? Walitenda kosa gani?" Ni kweli kabisa. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na zidaka, vile vijumba vidogo vilivyochimbwa ukutani safu juu ya safu, na ndani yake ziliwekwa sahani na bakuli za kauri kutoka China. Huko Gede, mji uliohamwa karne nyingi zilizopita na kuzikwa na msitu, wachimbuaji waliziita nyumba kwa majina ya vitu walivyovikuta ndani: nyumba ya bakuli la kauri, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya mkasi, nyumba ya ushanga wa Venice. Hata makaburi ya nguzo ya pwani yalitiwa bakuli za kigeni katika chokaa. Sayyid Abdalla bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi kuombolezea anguko la Pate, alivitaja vidaka hivyo vikiwa vimebaki kuwa viota vya ndege, akijua kwamba msomaji ataelewa mara moja ukubwa wa hasara.

Basi tofauti iko wapi? Iko katika njia. Mfinyanzi wa China aliifinyanga sahani ile ili iuzwe. Alitaka ipande jahazi, alitaka ipate mnunuzi mbali, na kila mkono ulioipokea ulitoa kitu badala yake: pembe, ambari, dhahabu, nguo. Hapana kaburi la China lililofukuliwa ili kidaka cha Pate kijae. Sahani ilitoka kwa furaha ikapokewa kwa furaha. Tena iliyeipokea aliipa heshima: hakuigeuza kuwa kibao cha kukanyagia miguu, bali aliipandisha ukutani, akaiweka hata juu ya kaburi la mpendwa wake. Mtu akiniambia kwamba ameipamba nyumba yake kwa njia ya Waswahili wa kale, nitampa mkono. Lakini Mswahili wa kale alipamba nyumba kwa biashara ya wazi. Mpambaji wa leo aliyeweka kigango sebuleni amepamba kwa kuvunja. Wawili hao wasitiwe katika kikapu kimoja. Na aibu iliyoje kwamba bakuli zenyewe zimebanduliwa katika makaburi mengi ya nguzo, yakabaki matundu matupu katika chokaa! Kilichoingia kwa haki kilitolewa kwa patasi.

Jibu la nne huumiza, kwa kuwa linatuelekea sisi: "Wenyewe hawavitaki. Wamesoma, wameingia dini nyingine, wanaviita ushenzi." Wapo wasemao hivyo, sikatai. Lakini mrithi mmoja akikosa kujali, kutojali kwake si ruhusa kwa mwizi. Dini inayomwamuru mtu aache kukimwagia kigango kinywaji haimwamuru akiuze. Na mjukuu asiyemtambikia babu yake bado ana babu. Kuacha mila ni jambo moja, kuipiga mnada ni jambo jingine.

Hapa nawageukia ninyi, vijana mnaosoma. Msifikiri kwamba habari hii ni ya wageni matajiri tu. Aliyekwenda usiku kung'oa kigango hakuwa mgeni, maana mgeni haijui njia. Aghalabu alikuwa kijana wa mitaa ile ile, asiye na kazi, aliyeahidiwa fedha kidogo. Umaskini wake ni udhuru mkubwa, nao haunifanyi nimwite shujaa. Na nje ya Ugiriama mambo ni yale yale. Nani kati yenu anajua kigoda cha babu yake kimekwenda wapi? Nani amemwuliza bibi yake maana ya nakshi za kibuyu kabla hakijabadilishwa kwa sufuria? Twawalaumu waliochukua, na ni haki. Lakini kitu kisichojulikana na mwenyewe ni chepesi kuchukuliwa.

Tazameni mifano miwili mingine, mpime tofauti ya njia na tofauti ya nia.

Mwaka 1905 afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, alimwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano ulioitwa wa amani. Fimbo tatu za uongozi za Koitalel zilichukuliwa zikaenda Uingereza, zikakaa mikononi mwa jamaa ya afisa huyo kwa miaka mia moja. Mwaka 2006 mwanawe alizitoa zikarudi kwa Wanandi. Fikirini: miaka mia moja fimbo za taifa zima zilikuwa mali ya nyumba moja. Na Wapokomo bado wangoja. Ngoma yao kuu, ngadji, ambayo sauti yake ilikuwa sauti ya mamlaka katika bonde la Tana, ilitwaliwa na watawala wa kikoloni mwaka 1902, na tangu mwaka 1908 imo katika Makumbusho ya Uingereza huko London, ghalani, haipigwi wala haitazamwi.

Mfano wa pili ni Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Mtu huyu alipenda vitu vya kale kuliko wengi tunaowajua. Nyumba yake Muthaiga ilijaa nguo, vinyago, vito, stampu, na vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900. Huyo naye alipamba nyumba kwa kazi za tamaduni nyingi na zama nyingi. Kwa nini basi simlaumu kama wengine? Kwa sababu alikusanya ili Afrika isinyang'anywe, si ili ukuta wake upendeze tu. Alijua kitu kimetoka wapi na ni cha nani. Na ulipofika wakati wa kuagana nacho, katika miaka ya 1970, hakukiuza kwa matajiri wa ng'ambo. Aliiuzia serikali ya nchi yake. Leo mwanafunzi yeyote wa Nairobi aweza kuingia katika Nyaraka za Taifa, barabara ya Moi, akaviona. Lakini nyumba yenyewe ya Muthaiga, iliyokusudiwa iwe chuo cha utafiti, ilibomolewa. Alichokikusanya mtu mmoja kwa maisha yake yote, sisi wengi tulishindwa kukiwekea paa lake. Tusiwaonyeshe wengine kidole kabla ya kuukunjua mkono wetu wenyewe.

Basi mwenye kutaka kuipamba nyumba yake afanyeje? Akae na kuta tupu? La. Sitaki nyumba za Kenya ziwe ghala za plastiki kwa kuogopa dhambi. Namtaka mpambaji aulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha.

La kwanza: kitu hiki kilifanywa ili kiuzwe, au kilifanywa kwa ajili ya mtu mmoja, kaburi moja, mizimu ya ukoo mmoja? Sahani, sanduku, zulia, mkeka, bakuli la mawe la Tabaka, hivyo vilizaliwa sokoni. Kigango, fimbo ya mamlaka na ngoma ya ukoo havina bei, na anayevitajia bei ndiye wa kuogopwa.

La pili: nani alikitoa mkononi mwake kwanza, na alitaka? Mzee wa Kiturukana akikuuzia kigoda chake ana haki, maana ni chake, na kesho atachonga kingine. Jirani yake hana haki hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kitu kisicho na habari ya kilikotoka, kiacheni dukani. Na sheria nayo ipo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 hairuhusu vitu vya kale vinavyolindwa kutolewa nchini bila ya kibali.

La tatu: mwenyewe akibisha hodi leo, utathubutu kumkaribisha chumba hicho? Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote. Mwenye kidaka chenye sahani za China aweza kumkaribisha Mchina akamnywesha kahawa kwa furaha. Mwenye kigango atamkaribisha vipi Mgiriama? Atamkalisha wapi, ikiwa babu yake amesimama kando ya mlango, ametundikwa kofia za wageni?

Na kama ni uzuri tu mnaoutaka, uzuri haukufa pamoja na wazee. Huko Lamu mafundi wangali wanachonga milango, na vijana wangali wanajifunza patasi kwao. Mlango mpya uliochongwa na fundi aliye hai una faida mbili: huipamba nyumba yako na huijaza chakula nyumba yake. Mlango wa kale uliong'olewa hupamba nyumba moja kwa kuacha nyingine wazi. Mwenye kuagiza kipya hulinda kazi. Mwenye kununua kilichoibiwa hununua mwisho wa kazi.

Nyinyi mtajenga nyumba zenu. Baadhi yenu mtakuwa na fedha, na fedha hupenda kutazamwa. Zijazeni nyumba hizo vitu vya Lamu na vya Turkana, vya Ethiopia na India na China, kadiri mtakavyojaliwa, na karibisheni kila karne iketi pamoja nanyi. Lakini viwe vitu ambavyo mtoto wenu akiuliza, "Hiki kimetoka wapi?" mtamjibu jina la mtu na jina la mahali, bila ya kuinamisha macho. Na siku mtakapoona kigango katika sebule ya mtu mnayemheshimu, msikisifu. Mwulizeni ni cha nani.